Ulidhani Nimelala Mgongoni

Bariadi,
2 Machi 2024

Kwako Ngosha,

Mwangaluka. Za huko ndani? Sisi mjini tupo, vumbi na honi. Memori kadi nimeifunga kwenye karatasi kama kawaida yetu, isije ikapotelea kwenye gari la Noah la abiria. Humo mna taarab kumi na mbili za zamani, zenye fidla. Zisikilize umekaa, si huku unaswaga ng'ombe.

Ile uliyonirudishia nimeisikiliza yote. Joakim, ni mwaka wa tano huu tangu tuachane pale kiwanda cha kuchambulia pamba, tulipokuwa tunagombea redio moja, na mpaka leo sijaelewa kwa nini wimbo wa Kisukuma hauishi. Mtu anataja ng'ombe wake, anataja wajomba zake, anamtukana manju anayetungia na kuimbia kundi la jirani, kisha anarudi kwa ng'ombe. Dakika ishirini na mbili. Niliuweka hapa kibandani, mteja aliyekuja kuingiziwa nyimbo kwenye simu akaniuliza kama nimefiwa.

Taarab inakuchoma sindano huku inatabasamu. Nyie mnakuja na rungu.

Mama yako Specioza hajambo? Macho yanaendeleaje? Mke wangu Shifa anamsalimia sana.

Ni mimi,
Hamza


Kijijini, Itilima,
17 Machi 2024

Hamza ndugu yangu,

Mwadila. Taarab nimevumilia saba, ya nane nikazima. Huyo mama anamsema jirani yake dakika kumi na hamtaji jina. Anaogopa nini? Kwetu ukimsema mtu unamtaja, na ng'ombe wake unawataja, ili kesho asijifanye hakusikia. Na fidla zote hizo zinalia za nini wakati mwenye shida ni mmoja?

Ile ya tano nimeirudia. Usimwambie mtu.

Macho ya mama ni mabaya. La kushoto limeshafunga, la kulia linaona vivuli tu. Anasema masikio yanamtosha. Ndiyo maana nina jambo. Nimeshatunga nyimbo arobaini na kitu kwa ajili ya kundi letu, zote za kuwasema wapinzani wetu Bagalu, na hakuna hata mmoja wa mama. Sasa nimemtungia. Nitauimba Julai 13 uwanja wa mnada, tutakapokutana na hao Bagalu baada ya mavuno. Mama nitamkalisha kwenye kiti, mbele kabisa.

Usiombe nikutumie. Desturi unaijua: wimbo mpya hausikiki kabla ya siku yake. Wachezaji wangu nawafundisha kiitikio tu, mashairi yanabaki kichwani mwangu. Anayeyajua mwingine ni Kulwa mpiga ngoma, kwa sababu ngoma lazima ijue pa kunyamaza. Wimbo ukitangulia kusikika kwa wengine, siku ya mashindano utaambiwa umeokota cha watu, na watazamaji wote wanahamia duara la wenzako.

Joakim


Bariadi,
10 Aprili 2024

Ngosha,

Idd Mubarak kutoka kwangu na Shifa. Pilau imeisha, nimekaa kibandani peke yangu, nakuwaza wewe na wimbo wako uliouficha kama mahari.

Mimi si Mgika wa kundi lenu wala si Mgalu wa wapinzani wenu. Baba yangu alikuja hapa kutoka Tabora na cherehani yake, sina kundi, sina upande. Nikisikia mimi, nani amesikia? Miaka mitano tunabishana kuhusu nyimbo za watu wengine, halafu umetunga wa kwako wa kweli, unanifungia mlango. Hiyo ndugu yangu si haki. Kama ni mbaya nitakuambia kabla hujaaibika. Kama ni mzuri nitaacha kukusema, nami sijawahi kuacha.

Naapa kwa Idd hii, hautoki masikioni mwangu.

Hamza


Kijijini, Itilima,
5 Mei 2024

Hamza,

Umenishinda kwa maneno, kama siku zote. Wimbo umo kwenye memori. Nimejirekodi ndani ya kihenge, maana mahindi hayana mdomo. Sikiliza, niambie ukweli, kisha ufute.

Ila huwezi kuuelewa bila kujua kisa chake, na kisa hiki hakuna anayekijua, hata Kulwa.

Nilikuwa na miaka mitano, malaria imenipanda kichwani. Baba alikuwa ameshafariki. Baba mdogo akakataa kutoa mkokoteni. Mama akanibeba mgongoni tangu alfajiri kwenda hospitali. Tulipofika mtoni akanitua, akanywa maji, akamwambia Mungu: kama unamchukua, mchukue sasa hivi, mimi nimechoka. Halafu akanibeba tena, akavuka. Alidhani nimelala. Nilikuwa macho.

Miaka thelathini na mbili sasa. Hajui kama nilisikia. Lakini kila tukivuka mto ule ananyamaza, na kila Kwaresima anaenda kuungama na kurudi na uso uleule. Mimi siwezi kumwambia kwa mdomo. Nikijaribu naishia kumuuliza kama amekula.

Kwenye wimbo neno lenyewe silitaji. Nasema tu: ulidhani nimelala mgongoni, Specioza, neno ulilomwambia Mungu mtoni nililisikia, halikuniumiza, kwa sababu ulinibeba ukavuka. Basi. Akisikia jina lake, akasikia na sauti ni yangu, atajua kwamba najua na kwamba sina kinyongo. Nataka alijue hilo kabla hajafa. Sina njia nyingine.

Joakim


Bariadi,
16 Mei 2024

Ndugu yangu Joakim,

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua niandike nini. Niliusikiliza mara ya kwanza nikiwa nimesimama. Mara ya pili nikafunga kibanda, nikakaa chini. Shifa alikuja na chai akanikuta nimeshika kichwa, akadhani nimepata habari mbaya.

Naondoa maneno yote niliyowahi kusema kuhusu nyimbo zenu. Yote. Pale unaposema "neno ulilomwambia Mungu mtoni" halafu unanyamaza, hakuna mwimbaji wa taarab aliyewahi kunyamaza hivyo.

Lakini uliniomba ukweli. Sauti yako, Ngosha, ni ya kuitia ng'ombe. Huu ni wimbo wa kuimbwa polepole, kwa koo laini, na wewe unausukuma kama plau kwenye udongo mkavu. Na ukishauimba Julai mbele ya watu mia tatu, ndio umekwisha. Nani atausikia Mwanza? Nani atausikia Dar? Mpe mtu mwenye koo aurekodi vizuri. Utunzi utabaki wako.

Fikiria.

Hamza


Kijijini, Itilima,
26 Mei 2024

Hamza,

Nilicheka kuhusu plau. Mke wangu Nyamizi alicheka zaidi, akasema hatimaye amepatikana mtu mkweli Bariadi.

Lakini hapana. Sijatunga kwa ajili ya Mwanza wala Dar. Mama hataki sauti nzuri, anataka yangu. Mtu mwingine akimwambia amesamehewa, amesamehewa na nani?

Tunavuna. Mikono imechanika yote kwa maganda ya pamba. Kulwa anakuja jioni tunapitia pale pa kunyamaza. Mama anatuuliza mbona mnanong'ona kama wezi wa kuku.

Umefuta?

Joakim


Bariadi,
8 Juni 2024

Ngosha,

Nimefuta.

Nimekuwekea nyimbo mia mbili safari hii, za kila aina, na zile za Kisukuma za miaka ya themanini ulizokuwa unazitafuta nimezipata kwa mzee mmoja wa Lamadi. Pia nakuletea spika ndogo ya kuchaji. Usinishukuru, ilikuwa imekaa tu dukani. Mwambie mama aitumie kusikilizia misa redioni.

Kazi ni nyingi, naishia hapa.

Hamza


Kijijini, Itilima,
26 Juni 2024

Hamza ndugu yangu,

Nimeharibikiwa.

Jana nilimpeleka mama zahanati Lagangabilili. Bodaboda tuliyopanda ilikuwa na spika. Tumefika njia panda, dereva akaweka wimbo. Ni wangu. Kuna kinanda, kuna mtu anaimba kwa sauti kama maziwa, na mashairi ni yangu mstari kwa mstari, isipokuwa jina. Palipokuwa na Specioza pamewekwa "mayu", mama tu, mama wa mtu yeyote. Dereva anasema ni Januarius, yule manju kijana wa Bagalu wa huko mjini, na kwamba wimbo una wiki mbili, kila boda anao.

Mama alimgonga dereva begani akamwambia simama. Tukasimama kando ya barabara mpaka ukaisha. Halafu akasema, "Kumbe kuna mwanamke mwingine aliyesema neno mtoni." Nikafungua mdomo. Akanishika mkono akasema, "Bahati yake, mwanae amemwambia. Wewe ulilala, namshukuru Mungu."

Nilimuuliza kama amechoka.

Kulwa nimemfukuza leo asubuhi. Amelia, ameapa kwa kaburi la pacha wake, sikumsikiliza. Nani mwingine aliyekuwa anayajua mashairi? Kwako sikuwaza hata kidogo, wewe ulifuta.

Wewe unawajua watu wa studio hapo mjini. Niulizie nani aliupeleka. Nikiwa na jina la mtu naweza kusimama mbele ya uwanja nikasema. Siku kumi na saba zimebaki.

Joakim


Bariadi,
2 Julai 2024

Ngosha,

Pole sana. Nimeulizia. Watu wa studio hawasemi, kila mtu anasema aliletewa na mwingine. Kuhusu Kulwa mimi siwezi kusema ndiyo wala hapana. Anayekuumiza mara nyingi ni wa karibu, ndivyo dunia ilivyo.

Ushauri wangu, uache wimbo huo. Tunga mwingine, wewe hushindwi. Watu wameshauzoea kwa sauti ya yule kijana, ukisimama nao watakusema vibaya. Mama anaweza kuambiwa nyumbani, mkiwa wawili tu.

Naumwa kidogo, Julai 13 sitaweza kuja.

Hamza


Bariadi,
15 Julai 2024

Kwa Kaka Joakim,

Shikamoo. Naitwa Januarius, manju wa Bagalu. Najua hutaki kuona jina langu, lakini nakuomba usome mpaka mwisho.

Juzi Jumamosi ulipoanza ule wimbo na watu wa upande wenu wakaanza kukimbilia kwetu wakipiga kelele mwizi, mwizi, mimi nilicheka. Nakuomba radhi kwa kicheko kile. Kisha nikakusikia umetaja Specioza. Nikaacha kucheza.

Huo wimbo nilipewa na Hamza, yule wa kibanda cha nyimbo karibu na stendi. Alinisikilizisha sauti ya mtu akiimba, akaniambia mwenyewe ni marehemu, mtu wa Meatu, hana ndugu, na ni dhambi wimbo kama huo kuzikwa naye. Hakutaka chochote kwangu. Alikaa studio siku nzima akinirekebisha, hapa taratibu, hapa nyamaza, na nilipomaliza alilia. Mashairi aliniandikia kwa mkono wake. Karatasi hiyo naiambatanisha. Utaona jina limekatwa kwa peni na juu yake ameandika "mayu", lakini chini ya mkato bado linasomeka.

Mama yako nilimwona akiinuliwa kwenye kiti na kuondolewa uwanjani katikati ya wimbo. Kama unataka nije niseme ukweli mbele yake, nitakuja. Umri wangu ni miaka ishirini na mbili na sijawahi kuiba kitu cha mtu.

Januarius


Kijijini, Itilima,
20 Julai 2024

Hamza,

Karatasi ninayo mkononi. Mwandiko huu nimeusoma miaka mitano.

Siulizi kwa nini. Nauliza jambo moja: ulipokuwa unakata jina la mama yangu kwa peni, ulikumbuka nilichokuambia kuhusu mto?

Joakim


Bariadi,
27 Julai 2024

Joakim,

Nilikumbuka.

Nimeandika barua hii mara nne nikichana. Sitasema sikujua desturi zenu, uliniambia mwenyewe. Sitasema nilitaka kukuangusha, ungeshinda hata ukachukua ng'ombe wangu ningefurahi, kama ningekuwa nao. Ukweli ni mbaya kuliko huo. Nilijaribu kuufuta, kidole kipo juu ya batani, nikashindwa. Nikawa nausikiliza kila siku. Na kila siku nilikuwa nasikia jinsi ungekuwa kama ungeimbwa vizuri. Siku moja Januarius akaja kuingiza nyimbo, akawa anaimba huku anasubiri simu yake, nikasikia ndiyo sauti yenyewe. Sikufikiria tena. Niliposema umekufa, nilisema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Jina nilikata kwa sababu nilijidanganya kwamba bila jina si wa mama yako tena, kwa hiyo wako utakuwa bado haujaguswa. Ulipoandika kuhusu Kulwa ningeweza kukuandikia siku ileile. Niliona nikisema nitakupoteza, basi nikamwacha Kulwa apotee badala yangu.

Nilipenda wimbo kuliko nilivyokupenda wewe. Sina namna nyingine ya kusema.

Niruhusu nije. Nitapiga magoti mbele ya mama, nimweleze yote. Shifa ameshanifungia mzigo. Nasubiri neno lako tu.

Hamza


Kijijini, Itilima,
18 Agosti 2024

Hamza,

Usije.

Januarius alikuja Jumapili iliyopita, kwa baiskeli. Alimsalimia mama, akakaa chini, akamweleza kila kitu, wewe, studio, karatasi. Anaongea vizuri yule kijana. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampapasa uso kwa vidole, akamuuliza wa ukoo gani. Halafu akamwambia, "Mwanangu, una moyo mzuri kukubali kusema hivi ili kumwondolea mwenzako aibu. Lakini mama yako akisikia umemkana kwenye wimbo wake, atalia."

Nilimwekea karatasi mkononi. Akaigeuzageuza, akanirudishia. Haoni, Hamza. Kwake karatasi ni karatasi.

Nikasema basi, leo nasema kwa mdomo. Nikamwambia: mayu, pale mtoni nilikuwa macho, nilisikia. Nilisema, Hamza, jambo nililoshindwa miaka thelathini na mbili. Akaniambia, "Hayo yamo kwenye wimbo. Usinifariji kwa maneno ya mtoto wa mwanamke mwingine." Nikamwambia neno lenyewe, lilivyokuwa. Akafunga masikio kwa mikono miwili kabla sijalimaliza, akaniomba niondoke nikaone ng'ombe.

Na wewe ukija utakuwa rafiki mwingine aliyekuja kumtetea rafiki yake. Ataona ni yaleyale.

Kabla Januarius hajaondoka, mama alimwomba aimbe. Kijana akanitazama, nikamwambia imba. Ulisema kweli kuhusu sauti. Anaimba kuliko mimi, na pale pa kunyamaza ulimfundisha vizuri. Mama alilia kwa furaha kwa ajili ya yule mwanamke mwingine. Nilikaa mlangoni nikisikiliza, na nilikuchukia kwa sababu ulikuwa sahihi.

Kulwa nilimfuata kwake nikamwomba radhi. Alinipa maji ya kunywa. Kupiga ngoma yangu hatapiga tena.

Spika yako nampa dereva wa Noah pamoja na barua hii. Memori zote zimo, hata ya ile taarab ya tano. Usinitumie nyingine. Mimi kuimba nimeacha, na kubishana nawe nimeacha.

Kila jioni baada ya kula mama anashika rozari. Zamani alikuwa anaongeza fungu moja kwa ajili ya dhambi yake, ambayo hakuwahi kunitajia. Sasa anaongeza mawili. La pili ni langu: anamwomba Mungu anisamehe kwa kuiba wimbo wa mama wa watu. Mimi napiga magoti kando yake, naitikia.

Joakim